Giga Nane za Shemeji

Jumatatu, tarehe tisa Septemba. Asubuhi hiyo kulikuwa na mawingu mazito na manyunyu membamba, yale ya kulowesha mabega ya shati bila kulowesha ardhi. Ndiyo asubuhi shemeji yangu aliponiletea kadi ya grafiki ikiwa imeviringishwa kwenye taulo, nami nikaipokea kwa mikono miwili huku moyoni nikijiuliza ameitoa wapi.

Mimi ni seremala. Nimetengeneza vitanda na makabati kwa miaka thelathini, na nilipofika hamsini na minne nilijiandikisha masomo ya jioni ili nijifunze kuchora samani kwa kompyuta. Wanangu walicheka. Mke wangu hakucheka; alininunulia daftari lenye jalada gumu. Kila jioni kabla ya kuingia darasani husimama nje ya mlango, nafumba macho na kumwomba Mungu anipe akili ya kuelewa, maana vijana wanaelewa mara moja na mimi mara ya tatu.

Darasa letu lina mashine moja kubwa, ile inayogeuza michoro yetu kuwa picha kamili zenye mwanga na vivuli. Mwezi wa saba kadi yake ya grafiki iliungua. Kwa asiyeijua, kadi hiyo ni kama kompyuta ndogo iliyolazwa ndani ya kompyuta kubwa. Ina ubongo wake, memori yake na feni zake, na kazi yake ni picha tu. Bila hiyo, kabati langu la milango mitatu lilibaki mistari mitupu kwenye kioo cha kompyuta.

Chuo kikatangaza kwamba kinatafuta fundi wa mashine. Kila anayeitaka kazi alete kadi moja ya kuanzia. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akawa wa kwanza kuomba. Wakamwambia kwamba kadi yake ikipita ukaguzi, kazi ni yake. Isipopita, asante, wataita mwingine.

Sasa chuoni kwetu kuna desturi. Kifaa chochote cha darasa hukaguliwa na mwanafunzi, si mwalimu, kisha mwanafunzi huyo husimama mbele ya wenzake na kusoma kwa sauti alichoandika. Safari hii walinichagua mimi. Nilinyoosha mkono nikasema wazi kwamba mwenye kadi ni shemeji yangu.

Msusi, mama mwenye saluni anayekaa nyuma yangu, akaangua kicheko. "Baba, wewe hata malaika ungemwomba kitambulisho. Utampendelea nani wewe?"

Darasa zima likacheka, nikapitishwa. Hakuna aliyejua kwamba kumpendelea haikuwa hatari iliyokuwepo.

Shemeji yangu mtaani wanamwita Shoti, kwa sababu utotoni alipigwa na shoti ya umeme mara nne na hakuacha kushika nyaya. Ana mikono ya ajabu. Lakini miaka sita iliyopita aliniuzia redio nzito, nzuri, iliyoimba siku mbili. Ilipozimika nikaifungua, nikakuta kipande cha tofali kimefungwa kwa waya ndani ili iwe na uzito wa redio ya maana. Alilia, akaomba radhi mbele ya dada yake, akasema ameacha. Nilimwambia nimemsamehe. Nilisema kwa mdomo.

Basi Jumatatu hiyo nikalifungua taulo mezani sebuleni, maana karakana yangu ina vumbi la mbao na feni za kadi hazipatani nalo. Kadi ilikuwa safi mno. Mapanga ya feni zote mbili yalikuwa yanang'aa, na mapezi ya bati ya kipoozeo, yale yanayobeba joto, hayakuwa hata na utando wa buibui.

"Mpya hii?" nikamwuliza.

"Si mpya, shemeji. Nimeisafisha."

"Umeitoa kwa nani?"

"Kwa mtu mmoja. Alikuwa na duka la michezo ya kompyuta, akalifunga."

"Mtu gani? Hana jina?"

"Ana jina, ila hakunituma nilitangaze." Akacheka. Mimi sikucheka. Niliinama nikaona skrubu moja ya mgongoni ina mikwaruzo, na kile kibandiko cha kiwandani kilichokuwa juu yake kimechanika.

"Hii imefunguliwa."

"Mimi ndiye niliyeifungua. Ndani nimeshaiweka sawa." Kisha akaongeza neno ambalo laiti asingelisema. "Ila wewe usiifungue, shemeji. Ipime tu ilivyo."

Usiifungue. Neno hilo liliingia sikioni mwangu na kukaa kama mgeni asiyeaga.

Alipoondoka, mke wangu alitoka jikoni akifuta mikono. "Baba Watoto, umemwangalia ndugu yangu kama askari wa mpakani."

"Nimeangalia kadi."

"Kadi iko mezani. Macho yako yalikuwa usoni kwake." Akakaa mbele yangu. "Ana miaka miwili hajagusa kitu cha ujanja. Ameoa. Mkewe ana mimba ya miezi saba. Hii kazi akiikosa, atarudi kule kwa wale wenzake, na wewe unawajua. Simwombei huruma. Naomba haki tu."

"Haki ndiyo kazi yangu," nikamjibu, na nilijiamini kabisa.

Mwalimu wetu, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, alikuwa ameniazima kompyuta ya kupimia na kunionya jambo moja. Alisema wapo wajanja wanaofuta maandishi ya ndani ya kadi ya giga nne na kuandika giga nane, na kompyuta husoma uongo huo bila kujua. Dawa yake ni kuijaza memori kidogo kidogo. Kadi ya uongo ikifika pale memori yake halisi inapoishia, picha huvurugika.

Nikaanza mchana. Kompyuta ikasoma giga nane. Nikaijaza moja, mbili, tatu. Ilipofika nne nilishika meza. Ikapita. Tano, sita, saba, mpaka karibu nane, na programu ikasoma kila ilichokiandika bila kosa hata moja. Nikaiacha ifanye kazi nzito nusu saa, joto la ubongo wake likasimama nyuzi sitini na tisa, feni zikinong'ona tu. Mwisho nikajaribu kuisukuma, yaani kuongeza kasi yake kupita ile iliyopangwa kiwandani, ngazi kwa ngazi, kama mtu anayeongeza mzigo kwenye meza aone miguu itatetemeka lini. Ngazi ya nane picha ikatikisika. Nikashuka mpaka ya sita, ikatulia kama haijaguswa.

Niliandika yote hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa ukaguzi. Halafu nikakaa nikiyatazama matokeo yale kama unavyomtazama mtu usiyemjua aliyebisha hodi na kukuita kwa jina lako. Ilikuwaje kadi kuukuu ifanye vizuri hivi? Ilikuwaje kadi ya Shoti, kati ya watu wote?

Nikapiga magoti. Nakumbuka maneno yangu, maana niliyasema kwa sauti: "Ee Mungu, nifunulie alichokificha." Nilikuwa nimeshaamua kwamba kipo. Sikuomba kujua, niliomba kukamata.

Jumanne baada ya chai nikachukua bisibisi ndogo nikaifungua.

Katikati kulikuwa na ubongo wenyewe, mraba unaong'aa uliopakwa grisi ya kijivu. Hilo nililijua kutoka darasani. Lakini kuuzunguka kulikuwa na chipu nane nyeusi, na juu ya kila moja kimelazwa kipande laini cha mpira, kama ubani uliotafunwa na kunyooshwa vizuri. Hilo sikulijua. Jumatano ile ya somo la ndani ya kadi nilikuwa nimemaliza kabati la mteja, nikachelewa nusu ya kwanza.

Chipu zile ndizo memori. Na memori huandikwa juu yake ni ya aina gani. Sasa kwa nini mtu azifunike, zote nane, kila moja na blanketi lake, kama si kuficha maandishi?

"Nimekuona," nikasema peke yangu.

Nikavibandua. Vilikuwa vinanata na vikachanika, nikavitupa kwenye kikopo cha takataka. Maandishi yaliyokuwa chini yake yalikuwa herufi na namba ndogo mno. Niliyanakili yote kwa uangalifu, na sikuelewa hata moja, jambo ambalo lilinizidishia mashaka badala ya kuyapunguza.

Kisha nikasafisha. Hakuna seremala anayefunga kiungo chenye gundi ya zamani, kwa hiyo nilifuta kila doa mpaka bati likawa jeupe. Kwenye ubongo nikapaka grisi mpya, na nikapaka kama nilivyofundishwa kupaka gundi ya mbao: nyingi, kisha unabana mpaka ichungulie pembeni. Nikafunga skrubu, nikarudisha kadi kwenye kompyuta na kuanza kuijaza.

Moja, mbili, tatu, nne. Ilipofika tano, kioo kikajaa vidoti vya kijani na zambarau, kisha kila kitu kikaganda.

Nikaizima, nikaiwasha, nikarudia. Safari hii ikaganda kwenye tatu. Nikarudia tena palepale, ikaganda kwenye mbili na ushee. Joto la ubongo lilikuwa sabini na tano tu, kwa hiyo nikasema upoozaji hauna neno, ugonjwa ni memori. Nikaandika ukurasa wa pili: tano, tatu, mbili na ushee. Chini yake nikaandika, "Si giga nane. Maandishi ya ndani yamechezewa." Ukurasa wa kwanza nikaukunja kwenye kona, nikajiambia kwamba lile halikuwa jaribio kamili, lilikuwa mazoezi.

Nilifurahi. Naona aibu kuliandika, lakini nilifurahi mpaka nikapiga meza. "Nimemkamata!"

Mke wangu alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Umemkamata nani?"

"Ndugu yako. Ni tofali lingine hili."

Akauliza polepole, "Jana usiku uliniambia imepita."

"Jana ilinidanganya."

"Kadi ilikudanganya." Alirudia neno hilo kama anayeonja chumvi. "Haya. Mimi si msomi. Lakini jana ilikuwa nzima, leo umeifungua, leo ni mbovu. Hata nguo ninayoifua nikiitoa imechanika, siendi kumlaumu aliyeishona kabla sijaangalia mikono yangu."

"Wewe unamtetea kwa sababu ni damu yako."

"Na wewe unamshitaki kwa sababu gani?" Akarudi jikoni.

Jumatano jioni darasa lilijaa. Shoti alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukukata. Alikaa karibu na mlango, akanipungia mkono. Sikumpungia. Safari hii sikusimama nje kuomba. Nilijiambia nimechelewa.

Mwalimu akasema, "Haya Mzee, karibu mbele utusomee."

Nikasimama na kadi mkononi, nikafungua daftari kwenye ukurasa wa pili. Nikasoma namba, nikasoma hukumu. Sauti yangu ilikuwa thabiti. Nilipofika kwenye "yamechezewa", kiti kilichokuwa mlangoni kikalia.

"Shemeji!" Shoti alikuwa amesimama. "Unasema mimi nimechezea?"

"Nasema nilichokiona."

"Umeona nini? Hiyo kadi niliipima siku tano! Siku tano, shemeji, mke wangu shahidi, hata feni ya nyumbani nilizima ili nisikie feni zake!"

"Hata redio iliimba siku mbili," nikamjibu.

Watu wakaguna. Shoti akafungua mdomo, akaufunga, akakaa. Alijitazama viatu. Kuna aina ya kimya anachokaa mtu anapogundua kwamba alisamehewa kwa mdomo tu, na nilikisikia kutoka upande wa pili wa chumba.

Ndipo Msusi akanyoosha mkono. "Samahani, Baba. Mimi hesabu zangu ni za rasta tu, lakini kuna kitu kinanisumbua. Umesema imegoma kwenye tano?"

"Tano."

"Halafu tatu? Halafu mbili?"

"Mbili na ushee."

"Sasa memori yake halisi ni ngapi? Maana nikikuuzia nywele za futi mbili nikakuambia ni za futi nne, ukizipima leo ni mbili, kesho ni mbili. Hazipungui kila ukizishika."

Wengine wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa amekuja mpaka mezani na kuchukua bisibisi.

"Kitu cha uongo hukomea palepale kila mara," alisema taratibu, akifungua skrubu za kadi niliyokuwa bado nimeishika. "Kinachoharibika mapema zaidi kila unaporudia, bila kupewa nafasi ya kupoa, hicho kinaungua." Akainua kipoozeo. Grisi nyeupe ilikuwa imefurika pande zote nne za ubongo kama uji uliomwagika jikoni. Na chipu nane za memori zilikuwa uchi, hazikugusa bati hata kidogo. Ungeweza kupitisha karatasi katikati.

"Pedi ziko wapi, Mzee?"

"Pedi?"

"Vipande laini vya mpira. Hivyo ndivyo vinavyobeba joto kutoka kwenye memori kwenda kwenye bati. Bila hivyo memori inachemka, na hii programu inaonyesha joto la ubongo peke yake, haionyeshi la memori."

Kutoka mlangoni Shoti alisema, si kwa hasira, na hilo liliniuma zaidi, "Pedi mpya zile. Nilizikata mwenyewe kwa wembe. Ndiyo maana nilikwambia usiifungue."

Mwalimu akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Mzee, kabla ya kuifungua, uliipima?"

Hapo ningeweza kusema lolote. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umekunjwa, na hakuna mtu darasani aliyejua kwamba upo. Nilimtazama Shoti. Nikawakumbuka wale wenzake aliokuwa nao zamani, na yule mtoto wa miezi saba ambaye bado hajauona ulimwengu na tayari nilikuwa namtafutia baba asiye na kazi. Watu hawa waliniweka mbele kwa sababu waliamini sisemi uongo. Na kweli, kila nilichosoma kilikuwa cha kweli. Nilikuwa nimeacha tu kusoma ukurasa mmoja.

Nikaukunjua ukurasa.

"Jumatatu," nikasoma. "Giga nane, zimejaa zote, makosa hakuna. Joto nyuzi sitini na tisa baada ya nusu saa. Imesukumwa ngazi sita juu ya kasi ya kiwanda, imetulia."

"Kumbe!" Msusi akapiga kofi moja. "Baba, hii umeificha?"

"Nimeificha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa nzuri na mimi niliitaka iwe mbaya."

Hakuna aliyecheka. Nikaiweka kadi mezani, nikatembea mpaka mlangoni, mtu mzima mbele ya darasa, nikasimama mbele ya shemeji yangu. Nilitaka kumwambia kwa sauti ya chini, kama mambo ya nyumbani yanavyosemwa. Nikaanza, "Shemeji, naomba unisa..."

"Hapana," akanikatiza. "Umenishitaki kwa sauti. Sema kwa sauti. Huko nyuma hawasikii."

Alikuwa na haki. Nikageuka nikawatazama wote.

"Huyu hakunidanganya," nikasema. "Kadi yake ilikuwa nzima, mimi ndiye niliyeiharibu, na nikaja kumsingizia mbele yenu."

Mwalimu akasema, "Sina hakika kama memori imedhurika. Huenda ikapona ikiwekewa pedi, huenda isipone. Uamuzi wa kazi tutauahirisha mpaka ipimwe tena, Ijumaa."

"Nani atapima?" akauliza mtu.

Shoti alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo nalifahamu vizuri, maana nilikuwa nimemtazama nalo tangu Jumatatu. "Apime yeye," alisema mwishowe. "Ila mimi nitakaa pembeni yake, na macho yangu yatakuwa mikononi mwake. Na aseme hapa, mbele ya watu, atafanyaje. Maneno yake ya nyumbani nimeshayasikia."

Nikavua kofia. Mikono ilikuwa inanata grisi.

"Mbele ya Mwalimu na mbele yenu nyote," nikasema, "naahidi kwamba kesho nitanunua pedi nane kwa jasho langu, na atakayezikata ni yeye, si mimi. Ijumaa nitapima akiwa ameketi pembeni yangu, na nitawasomea kila namba kwa mpangilio wake, ukurasa wa kwanza kabla ya wa pili. Na kama kadi imekufa, sitasema imekufa. Nitasema nimeiua mimi, nami nitaleta nyingine kwa jina lake."